Kuchagua skana ya gari ya nyumbani: kutoka taa ya cheki injini hadi kifaa kinachofaa gari lako

Taa ya cheki injini ikiwaka, inakwambia jambo moja tu: kompyuta ya injini imeona kipimo ambacho hakikukaa sawa, na imekiandika kwenye kumbukumbu yake kwa msimbo, yaani herufi na namba fupi. Haijasema ni kifaa gani kimeharibika. Skana ndiyo inayoifungua kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo usiipime skana kwa wingi wa misimbo inayodai kuisoma, maana hata ile duni kabisa husoma misimbo. Ipime kwa ushahidi inaokuonyesha baada ya msimbo. Mwenye kifaa kinachosoma msimbo peke yake huishia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na sensa mbili za kubahatisha humaliza fedha ambazo zingenunua skana nzuri.

Kwanza, zifahamu taa ambazo hazisubiri skana. Taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka injini ikinguruma, zima injini hapo hapo. Taa nyekundu ya joto ni vivyo hivyo. Na cheki injini inayowaka na kuzimika mfululizo maana yake injini inamisi vibaya, petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuichoma kataliti, yaani yale masega yaliyo ndani ya bomba. Ondoa mguu kwenye mafuta, egesha. Cheki injini iliyotulia bila kupepesa, gari likitembea kama kawaida, ndiyo inayokupa nafasi ya kufanya yanayofuata.

Hatua ya 1: Jua gari lako linaongea lugha gani

Tafuta soketi ya OBD2, mfumo sanifu ambao gari hutumia kujichunguza na kuripoti makosa ya injini na moshi. Mara nyingi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, juu kidogo ya pedali, pengine nyuma ya kijifuniko cha plastiki. Ina matundu 16 katika safu mbili za nane, na umbo lake ni pana upande mmoja, jembamba upande wa pili.

Kuwepo kwa soketi hakutoshi. Marekani ilizilazimisha gari ndogo kufuata OBD2 kuanzia modeli za 1996. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli 2004. Magari mengi ya Japani yaliyoundwa kwa soko la ndani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi yenye umbo lilelile, lakini kompyuta zao zinaongea lugha ya kiwandani. Ukichomeka skana ya kawaida, itawaka na kuandika kwamba haipati mawasiliano, nawe utadhani ni mbovu. Gari la aina hiyo linahitaji skana yenye programu ya mtengenezaji husika inayotaja soko la Japani kwa jina.

Chukua tochi uyaangalie matundu. Upande mpana ukiwa juu, namba 1 hadi 8 ni safu ya juu kutoka kushoto kwenda kulia, na 9 hadi 16 ni safu ya chini. Namba 16 ni umeme wa betri, 4 na 5 ni hasi. Vipini vya chuma vikiwemo kwenye 6 na 14, hiyo ni dalili nzuri kwamba gari linatumia CAN, lugha ambayo kila gari jipya la Marekani lililazimika kuitumia kuanzia modeli za 2008 na ambayo karibu kila skana inaielewa. Kukiwa na 7 bila 6 na 14, gari linatumia lugha ya zamani ya laini ya K. Namba 2, ikiwa na 10 au peke yake, mara nyingi ni ya magari ya zamani ya Ford na General Motors, na hapo ndipo adapta (vifaa vidogo vinavyounganisha soketi na simu) za bei ya chini hushindwa sana.

Lugha za zamani ni za polepole mno: laini ya K hupeleka biti 10,400 kwa sekunde, wakati CAN hufikia 500,000. Mwenye gari la zamani asidanganywe na skana inayojivunia kuchora grafu kumi kwa pamoja, kwani gari lenyewe halitazijaza kwa wakati.

Lori la umeme wa volti 24 ni habari nyingine kabisa. Usilichomekee adapta ya gari dogo, inaweza kuungua. Na gari la umeme mtupu halibanwi na OBD2, kwa sababu mfumo huo uliundwa kufuatilia moshi. Skana ya kawaida inaweza isione chochote humo.

Hatua ya 2: Andika kazi unazotaka, ndipo utazame vifaa

Chukua karatasi uandike taa zilizowahi kuwaka na kazi unazozifanya mwenyewe nyumbani. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua.

Kama ni cheki injini tu, kifaa cha OBD2 cha kawaida kinatosha, mradi kina mambo ya hatua ya 4. Kama kuna taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), ya mifuko ya hewa au ya giaboksi, unahitaji skana ya mifumo yote. Hapa ndipo wanunuzi wengi hujuta. OBD2 ya lazima inahusu injini na moshi. Kompyuta ya ABS na ya mifuko ya hewa ziko nje ya sheria hiyo, kila mtengenezaji ana mlango wake, na kifaa kisichotaja mifumo hiyo hakitaiona hata kidogo.

Kisha kuna kazi zinazotaka skana itoe amri, isiwe ya kusoma tu. Gari lenye breki ya mkono ya umeme haliruhusu kubadilisha pedi za nyuma kwa usalama mpaka mota zirudishwe nyuma kwa hali ya matengenezo. Kutoa hewa kwenye moduli (kitengo chenye kompyuta yake) ya ABS, kusahihisha sensa ya pembe ya usukani baada ya alaimenti, kulifundisha throtoli (mlango unaopitisha hewa ya injini) upya baada ya kulisafisha, kuisajili betri mpya kwenye BMW, kuandika namba za nozeli mpya za dizeli, kuchoma masizi ya kichujio cha dizeli gari likiwa limesimama: kila moja ni kipengele chenye jina lake kwenye orodha ya kifaa. Usitosheke na maneno "inafanya huduma maalumu 28". Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa skana, fungua jedwali la magari, chagua modeli, mwaka na injini yako, usome kama kazi unayoitaka imewekewa alama.

Gari la mseto (la petroli na umeme, haibridi) lina dai lake pia. Msimbo P0A80, unaozungumzia kuchoka kwa betri kubwa, unaweza kuonekana kwenye skana ndogo, lakini kujua ni fungu gani la betri limeanguka kunataka kifaa au programu inayosoma volti za kila fungu.

Hatua ya 3: Chagua aina ya kifaa

Kisomaji kidogo chenye skrini na waya wake ni rahisi kutumia, hakihitaji simu na hudumu miaka. Udhaifu wake ni skrini finyu: kufuatilia data mbili kwa wakati mmoja ni taabu.

Adapta ya Bluetooth au Wi-Fi pamoja na programu ya simu ndiyo inayokupa vingi kwa fedha chache, ukipata iliyo nzuri. Kwa Ford na Mazda kuna FORScan, ambayo inaingia karibu kila moduli. Kwa moduli za ndani ya gari inahitaji adapta inayofikia pia matundu 3 na 11. Kwa familia ya Volkswagen kuna VCDS na waya wake maalumu. Mtu mwenye gari moja analokusudia kukaa nalo muda mrefu mara nyingi atafaidika zaidi na programu ya chapa moja kuliko kishikwambi kinachodai kujua chapa zote.

Kishikwambi cha mifumo yote, kama vile vya Autel, Launch au Topdon, kinamfaa anayehudumia magari kadhaa ya chapa tofauti na anayehitaji kutoa amri: kuwasha feni, kuzungusha pampu ya mafuta, kufungua valvu. Amri hizo huokoa saa nyingi. Feni isipozunguka, iamuru kwa skana. Ikizunguka, mota na waya ni wazima, na tatizo liko kwenye kipimo cha joto au uamuzi wa kompyuta.

Kuhusu adapta ni lazima tusimame kidogo, kwa sababu soko limejaa takataka. Karibu zote zinajiita ELM327, jina la chipu ya Elm Electronics, kampuni ya Kanada iliyofunga milango mwaka 2022. Zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni nakala. Ile inayoandikwa v1.5 haikuwahi kutolewa na Elm kabisa, ingawa baadhi ya nakala zenye jina hilo hufanya kazi vizuri. Nyingi za v2.1 zimepunguzwa amri: zinaunganika, zinasoma joto la maji na mizunguko ya injini kwa dakika, kisha zinakatika ukiomba kitu kizito au ukizitumia kwenye lugha za zamani. Lebo haithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni kupima, na zipo programu za simu zinazotuma amri za ELM327 moja baada ya nyingine na kuonyesha zilizokataliwa. Adapta ambayo mtengenezaji wake anajulikana na anatoa masasisho ya chipu, kama OBDLink, ni bora kuliko kununua nakala tatu mfululizo.

Angalia pia simu yako. Android hukubali Bluetooth ya kawaida na PIN yake mara nyingi ni 1234 au 0000. iPhone kwa kawaida huhitaji adapta ya Bluetooth LE (aina inayotumia umeme kidogo) au ya Wi-Fi, na ile ya LE huunganishwa ndani ya programu yenyewe, si kwenye mipangilio ya simu. Watu huirudisha dukani wakidhani imekufa kwa sababu hiyo tu. Ya Wi-Fi kwa kawaida hutumia anwani 192.168.0.10 na mlango 35000. Simu ikikataa kukaa kwenye mtandao huo kwa kuwa hauna intaneti, zima data ya simu kwanza.

Hatua ya 4: Mambo ambayo skana isiyo nayo haifai kununuliwa

La kwanza ni data za moja kwa moja, tena ziwe na marekebisho ya mafuta (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) ya muda mfupi na ya muda mrefu, volti za sensa za oksijeni, hewa inayoingia na joto la maji. La pili ni picha ya tukio, yaani hali ya injini wakati msimbo ulipoandikwa: mizunguko, mwendo, joto, mzigo. Msimbo wa kumisi ulioandikwa injini ikiwa baridi saa ya kuwasha ni ugonjwa mwingine na ule ulioandikwa kwa kasi ya kilomita 100.

La tatu ni misimbo inayosubiri. Makosa mengi ya moshi hayawashi taa mpaka yajirudie katika safari mbili. Baada ya safari ya kwanza yanakaa kwenye orodha ya kusubiri, na hapo unaweza kuyawahi. La nne ni hali ya vipimo vya utayari, yaani orodha ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, ikionyesha yaliyokamilika na ambayo bado. Ukienda kununua gari lililotumika, orodha hii pamoja na umbali uliotembea tangu misimbo ifutwe ni hazina. Gari lenye taa zilizozimika lakini vipimo vingi havijakamilika na umbali wa kilomita 6 limefutwa misimbo asubuhi hiyo.

Kuhusu masasisho, uliza swali hili kabla ya kulipa: muda wa bure ukiisha, kifaa kinaendelea na programu kilicho nayo, au kinafunga kazi mpaka ulipie? Vipo vya aina zote mbili. Kwa gari la miaka kumi iliyopita, kifaa kisichosasishwa tena hakina shida. Kwa gari jipya, uliza pia kuhusu lango la usalama. Magari ya kundi la Fiat Chrysler kuanzia takriban 2018 huruhusu kusoma lakini hukataa kufuta na kutoa amri mpaka kifaa kisajiliwe.

Hatua ya 5: Kijaribu kifaa kwenye gari lako siku ile ile kinapofika

Fanya hivi muda wa kurudisha kifaa ukiwa haujapita:

1. Egesha, vuta breki ya mkono. Pima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri. Betri iliyochoka huzaa misimbo ya uongo kwenye moduli nyingi.
2. Chomeka kifaa swichi ikiwa imezimwa, kisha washa swichi bila kuwasha injini.
3. Omba VIN, yaani namba ya utambulisho ya gari. Ilinganishe na iliyo kwenye gari. Gari la zamani linaweza lisiitoe, hilo si kosa la kifaa.
4. Soma misimbo yote, ya injini na ya mifumo mingine, pamoja na picha ya tukio. Andika au piga picha. Usifute.
5. Washa injini, iache ipate joto. Maji yapande hadi nyuzi 85 hadi 105 na yakae hapo, alternata itoe volti 13.5 hadi 14.7, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ya gari ndogo nyingi ikae kati ya mizunguko 650 na 850. Magari mapya yenye chaji inayodhibitiwa na kompyuta hushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo usikimbilie kulaumu alternata.
6. Panda hadi mizunguko 2500 na ukae hapo dakika moja ukitazama kama data zinaendelea bila kukatika. Kwenye gari la lugha ya zamani chagua data tatu au nne tu.

Kifaa kikikataa kuwaka kabisa, tazama fyuzi ya kiberiti cha gari kabla ya kulaumu chochote. Kwenye magari mengi ndiyo hiyo hiyo inayolisha soketi ya OBD2. Kikiwaka lakini hakipati mawasiliano, hakikisha swichi imefika hatua ya pili, kisha angalia vipini vya soketi kama havijapinda au kurudi ndani. Jaribu kifaa kwenye gari jingine. Kikisoma huko na hakisomi kwako, tatizo ni lugha au waya za gari lako.

Hatua ya 6: Utumie msimbo kama swali

Herufi ya kwanza hutaja eneo: P ni injini na giaboksi, C ni chasisi pamoja na ABS, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta kwa kompyuta. P0 ni msimbo wa wote. P1 ni wa mtengenezaji, na maana yake hubadilika kutoka chapa moja hadi nyingine, kwa hiyo usiutafute mtandaoni bila kutaja gari.

Chukua P0171: mchanganyiko una hewa nyingi, mafuta machache. Fundi wa kubahatisha hubadilisha sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi imetoa taarifa ya kweli. Wewe fungua marekebisho ya mafuta, ujumlishe ya muda mfupi na ya muda mrefu. Injini nzima hukaa ndani ya asilimia 10 juu au chini. Ikiwa kwenye sailensa ni +20 na kwa mizunguko 2500 inashuka karibu na sifuri, hewa inavuja baada ya throtoli: hozi iliyopasuka, gasketi ya manifodi. Uvujaji ni uleule, lakini injini inapovuta hewa nyingi sehemu yake inakuwa ndogo. Ikiwa sailensa ni nzuri na namba inapanda kadiri unavyoibebesha injini mzigo, shuku mafuta: kichujio kimeziba, pampu imechoka, au sensa ya hewa ni chafu na inahesabu pungufu. Uchunguzi huo unachukua dakika tano na hauhitaji kipuri hata kimoja.

P0301 ni kumisi kwa silinda ya kwanza. Kama koili ni moja moja, hamisha ya silinda ya 1 uipeleke ya 2, futa, endesha. Ukipata P0302, koili ndiyo. P0301 ikirudi, nenda kwenye plagi, kisha nozeli, kisha kipimo cha kompresheni. P0420 husema kataliti haifanyi kazi ya kutosha. Hakikisha kwanza eksozi haivuji, kisha tazama sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya kataliti gari likiwa na joto: ikitulia, kwa kawaida karibu na volti 0.6 hadi 0.7, masega yanafanya kazi. Ikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9, kataliti imechoka. P0128, maji yasiyofikia joto, kwa kawaida ni thamostati iliyokwama wazi au iliyong'olewa.

Hatua ya 7: Kufuta, na kuchomoa

Futa baada ya kutengeneza. Kufuta kunaondoa picha ya tukio, vipimo vya utayari na yale injini iliyojifunza, kwa hiyo gari linaweza kutetemeka kidogo kwenye sailensa kwa safari chache. Ukitengeneza na usifute, taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zilizo safi, na msimbo hufutika baada ya injini kuwashwa na kupata joto mara 40. Magari ya soko la Marekani kuanzia 2010 yana pia misimbo ya kudumu isiyofutwa na skana. Inaondoka pale kompyuta itakapoujaribu mfumo na kuukuta mzima.

Usitazame skrini ukiendesha. Anzisha rekodi kabla ya kuondoka, au mpe abiria.

Ukimaliza, ichomoe adapta. Tundu la 16 lina umeme muda wote, na adapta inayovuta miliampea 50 hula ampea-saa 1.2 kila siku. Gari likisimama wiki mbili, karibu ampea-saa 17 zimekwenda, zaidi ya theluthi ya betri ya 45. Adapta ya Wi-Fi isiyo na nenosiri nayo humwachia mlango yeyote aliyesimama karibu na gari.